Kipimo cha Bibi cha Kuwajua Wazungu

Naona haya kuyasema haya, lakini nitayaandika polepole.

Marehemu bibi yangu alikuwa akipika vitumbua katika nyumba ya wageni hapa Bagamoyo, ninapofanya kazi sasa. Nilipokuwa mdogo alinifundisha huku akivigeuza: "Mjukuu wangu, mzungu anayecheka akasikika mpaka jikoni ni Mmarekani. Mpe barafu, ukae umsikilize. Mnyamavu katoka Ulaya. Mpe chai, umwache na kitabu chake." Mpaka leo harufu ya iliki hunirudishia sauti yake.

Wiki iliyopita walikuja wageni wawili. Mwanamume alicheka hadi paka wakakimbia. Nikamjazia barafu glasi nzima, nikajikaza kukaa naye. Mwanamke alikuwa kimya. Nikafurahi, maana mimi mwenyewe naogopa maneno. Siku tatu nilimwekea chai nikatoroka, hata alipofungua mdomo.

Siku ya kuondoka kwake, bajaji ikimngoja, Dada Zuhura wa mapokezi aliniita.

"We Mwanahawa, yule uliyemjazia barafu ni Mtaliano, analalamika meno! Na huyu mama katoka Amerika. Marehemu mama yake alikaa hapa zamani, akawa anamsimulia habari za mpishi wa vitumbua aliyemchekesha. Kaja kumtafuta bibi yako! Siku tatu anataka kukuuliza, nawe unamkimbia."

Yule mama alinitazama, akisubiri. Nami nimesimama na sinia la chai, kiunoni nimejifunga kanga ya Bibi, sina pa kukimbilia.