Mkate wa Hatua za Bilyana

Nimekuwa kondakta wa treni ndogo ya milimani kwa miaka ishirini na sita, na nina abiria wa aina mbili nisiowapenda: wanaotema maganda ya alizeti sakafuni, na wanaonidanganya umri wa mtoto ili wasikate tiketi. Ognyan hakuwa yeyote kati ya hao. Uongo haukuwa fani yake, na siku alipoujaribu, aliuvuruga vibaya.

Alikuwa akipanda pale stesheni ya Septemvri kila Jumamosi asubuhi, binti yake Bilyana kifuani, kigari cha mtoto mkono wa kulia, mfuko wa nepi begani. Yeye ni fundi wa lifti. Mkewe Nevena ni nesi, na kwa kuwa kazi ya Nevena haikumruhusu kukaa nyumbani, likizo ya kulea mtoto akaichukua mwanamume. Wenzake kazini walimcheka mpaka wakachoka. Mwisho wa wiki Nevena akiwa zamu, baba na binti walikwenda kijijini Borik kwa mama mkwe, bibi Stoimenka, ambaye ni jirani yangu. Kati ya geti lake na langu kuna geti moja tu, kwa hiyo msinilaumu kwa kujua mambo.

Ognyan anachechemea mguu wa kushoto. Alizaliwa nyonga ikiwa imeteguka, na enzi zile hakuna aliyegundua mpaka alipofikisha miaka miwili na nusu. Ngazi za treni yetu ni ndefu, na kila Jumamosi nilimtazama akizipanda na ule mzigo wote. Hakuniomba msaada hata mara moja. Na mimi simsaidii asiyeomba, ndivyo nilivyo.

Bilyana alikuwa na miezi kumi na tisa. Meno anayo, maneno anayo, jina langu Trendafila alilifupisha likawa Tenda. Alitambaa upesi kuliko panya. Alisimama dede akishika kiti. Lakini hatua, hata moja, hakuna. Kazi yake ilikuwa kutazama miguu ya watu. Nikipita kukagua tiketi, alinifuata kwa macho kutoka mlango hadi mlango, na si usoni, bali chini. Nilidhani amependa viatu vyangu.

Sasa huyu Ognyan alikuwa na jambo moyoni. Miaka minne nyuma, kabla ya harusi, Stoimenka alimwambia binti yake jikoni, kwa sauti ile yake ambayo hata kuku wa jirani huisikia, "Mtoto wa nyoka ni nyoka, Nevena. Unataka kunizalia wajukuu viwete?" Na Ognyan alikuwa mlangoni, kopo la asali mkononi, amekuja kujitambulisha. Harusi ilifungwa, mtoto akazaliwa, neno lile halikutajwa tena. Lakini lilikuwa linakula naye mezani kila Jumamosi.

Stoimenka alikuwa akipiga simu kila jioni na swali lake lilikuwa lile lile: ametembea? Alhamisi moja ya mwezi wa tisa, Ognyan akiwa na mtoto anayelia mkono mmoja na uji unaoungua mkono wa pili, akasema, "Ametembea, mama."

Akakata simu, akapumua. Mjinga wa watu. Kwetu unaweza kudanganya juu ya jino, juu ya usingizi, hata juu ya homa. Juu ya hatua ya kwanza huwezi, kwa sababu hatua ya kwanza ina mkate wake. Bibi hukanda mkate wa duara, hutandikwa kitambaa cheupe, vifaa vya kazi za watu vinapangwa mwisho wa kitambaa, mkate unabingirishwa, mtoto anaufuata na kuchagua kifaa, na hapo watu wanajua atakuwa nani. Kisha mkate unaliwa kwa asali huku watu wakitembea. Anayekaa kuula anamfunga mtoto miguu. Kabla ya saa mbili usiku ule Stoimenka alikuwa ameshaalika barabara nzima. Mimi alinipigia nikiwa kazini, nikabadilishana zamu na mwenzangu ili Jumamosi nishukie Borik.

Basi Jumamosi nikawakuta behewa la pili. Mtoto amevaa gauni jipya na viatu vyekundu.

"Shangazi Trendafila," akasema Ognyan, "na wewe umealikwa?"

"Asiyealikwa ni nani? Mama mkwe wako yuko na unga tangu alfajiri. Hebu mshushe bibi harusi atembee, nimwone kabla ya wale wengine."

Akainama kufunga kamba za kiatu cha mtoto, ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

"Ogi."

"Hatembei, shangazi."

"Hatembei vipi?"

"Hajatembea hata siku moja. Nilisema tu."

Nikakaa kiti cha mbele yake, jambo ambalo silifanyi nikiwa kazini. "Ungesema ameota jino. Ungesema ameimba. Uongo wote uliojaa duniani, wewe umechagua wenye mkate."

"Sikuufikiria mkate."

"Mwanamume gani wa nchi hii hafikirii mkate?"

Hakucheka. Akaniambia kwamba Jumatano wana miadi kwa daktari wa mifupa, wampige mtoto picha ya nyonga. Akaniambia kila akimvalisha nepi anailinganisha ile miguu miwili, huu na huu, na kuna siku anaona wa kushoto ni mfupi, na kuna siku anaona ni macho yake tu. "Akiwa nao ule wangu," akasema, "nimempa mimi. Hakuna mwingine wa kulaumiwa. Na mama atanitazama."

Roho iliniuma, lakini si mtu wa kubembeleza mimi. Nikamtobolea tiketi. Nikamwambia, "Mvute pembeni mara tukishuka, umwambie. Peke yake atakufokea. Mbele ya watu atakuchuna ngozi."

Akaahidi. Lakini tulipofika Borik, Stoimenka mwenyewe alikuwa stesheni na wanawake sita, akamnyakua mtoto kifuani kwa baba yake, akatema mate kidogo tfu tfu tfu kufukuza kijicho, na wakaondoka naye kama maharamia. Ognyan akabaki ameshika kigari kitupu.

Uani kitambaa kilikuwa kimetandikwa kutoka kisimani hadi kwenye meza fupi. Mezani palikuwa na mkasi, kalamu, kitabu, mwiko, bisibisi ya lifti na bomba la sindano lisilo na sindano, kwa heshima ya Nevena. Nikaongeza koleo langu la kutobolea tiketi, kwani kazi yangu ina ubaya gani? Jirani aliyekuwa akichoma pilipili hoho upande wa pili wa ua akapunguza moto ili asikose kitu.

Stoimenka akabingirisha mkate. Ulikwenda upande, ukagonga ndoo, ukalala. Bilyana, ameketi mwanzo wa kitambaa, akautazama. Kisha akatazama miguu yetu.

"Anaona haya," akasema mmoja.

"Viatu vimembana."

"Ana usingizi, amesafiri."

Stoimenka akamsimamisha. Mtoto akasimama dede kwa kushika kidole. Akaachiwa, akakaa. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu alipokaa, Stoimenka aliinua kichwa kumtazama mkwewe, na hakumtazama usoni. Alimtazama mguu. Mimi niliona. Na Ognyan aliona.

"Mwache, mama," akasema. Sauti ilikuwa ya chini lakini ua mzima ulisikia. "Hajawahi kutembea. Nilikudanganya. Nilijua utasema ni mguu wangu. Ulishasema siku ile, nilikuwa mlangoni."

Stoimenka ni mwanamke aliyewahi kumjibu padri kanisani katikati ya mahubiri. Siku hiyo alifuta mikono kwenye aproni, mikono iliyokuwa mikavu.

"Asali ilikuwa nzuri," akasema.

"Nini?"

"Ile asali. Uliiacha kizingitini ukaondoka, nikaikuta. Miaka minne najua kwamba ulisikia, Ogi, na miaka minne sijui niseme nini. Nimekupikia kila Jumamosi. Sikujua lingine la kufanya."

Jirani wa pilipili alikuwa ameuzima moto kabisa.

"Haya," Stoimenka akasema, akapenga kamasi. "Mkate ukishaokwa haurudi kuwa unga. Tutaula. Inukeni nyote, na nikimwona mtu amekaa nitamkumbuka maisha yangu yote. Ogi, na wewe."

Akaumega, akapaka asali, akagawa. Tukaanza kuzunguka ua, wanawake tisa na mwanamume mmoja, tunatafuna huku tunatembea, asali inatuchuruzika hadi viwikoni. Katikati ya kitambaa mtoto ameketi, amesahaulika, anatutazama tukipita. Ognyan akampita, akichechemea mguu wa kushoto. Akampita tena.

Mara ya tatu alipompita, Bilyana aliweka mikono chini, akainua makalio, akasimama. Hakushika kitu. Akamfuata baba yake. Hatua moja, mbili, tatu, nne. Na alikuwa anachechemea.

Mguu wa kushoto, uleule. Kila hatua bega linashuka na kiuno kinakwenda kando. Tulisimama wote. Ognyan akageuka kuona kwa nini tumesimama, akamwona, na mkate ukamdondoka mkononi.

"Ni uleule," akasema. Basi, hilo tu.

Stoimenka alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi ningeomba ardhi inimeze, kusema kweli, kama nisingekuwa nimemwona huyu mtoto Jumamosi baada ya Jumamosi akikodolea miguu ya abiria. Kitu kikanigonga kichwani.

"Stoimenka," nikasema, "pita mbele yake."

"Nipite nini?"

"Pita. Tembea unavyotembea siku zote."

Akapita, mkono mmoja kiunoni, ameinama kidogo mbele, maana mgongo unamsumbua tangu wakati wa kuvuna viazi. Bilyana akamwangalia. Akageuka, akaweka mkono tumboni, pale alipodhani kiuno kipo, akainama na kumfuata bibi yake hatua tatu, miguu yote miwili sawasawa, hakuna cha bega kushuka wala nini. Akaanguka. Akainuka mwenyewe.

Nikapita mimi. Mimi natembea miguu imeachana, ndivyo anavyotembea aliyezeekea ndani ya behewa linaloyumba. Mtoto naye akaachanisha miguu kama bata, akanifuata hadi mezani, na akachukua koleo langu la tiketi.

Aliyeanza kucheka ni jirani wa pilipili. Kisha tukacheka sote, tukacheka mpaka wengine wakataka kukaa na Stoimenka akawafokea wasikae. Ognyan alikuwa analia bila kujificha, asali kwenye kidevu. Mwanamume huyu nimemjua muda mrefu, na sikuwahi kuona mabega yake yakiwa yameshuka namna ile, yamelegea kama ya mtu aliyetua gunia.

"Alikuwa anajifunza," akawa anasema. "Alikuwa anatuangalia tu."

"Na mwalimu wake wa kwanza ni wewe," nikamwambia. "Kwa hiyo usishangae."

Nevena alipopigiwa simu aliangua kilio, halafu akauliza kwa nini mkate umeliwa bila yeye, na hapo nikaondoka, kwa sababu ugomvi wa familia nausikia vizuri zaidi nikiwa nyumbani kwangu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kazini. Walipanda Septemvri kama kawaida, ila safari hii mtoto alisimama mwenyewe katikati ya behewa, ameshika koleo langu la zamani nililompa, anadai tiketi kwa mzee mmoja aliyekuwa amelala. Sikumuuliza Ognyan kitu. Nilikuwa nimekaa siku tatu bila usingizi mzuri nikiifikiria ile Jumatano, lakini sikumuuliza.

"Ni kama bawaba mpya, shangazi," akasema mwenyewe. "Zote mbili. Daktari alinionyesha picha. Nyonga safi."

"Nilijua," nikasema. Sikujua.

"Aliuliza kwa nini ameingia akichechemea na ametoka akitembea vizuri. Nikamwambia, kuingia alikuwa nyuma yangu, kutoka alikuwa mbele."

Tulipofika Borik, Stoimenka alikuwa stesheni, peke yake. Ognyan alishuka, akamshusha mtoto jukwaani, kisha akasogea kando ili Bilyana atangulie.

"Unafanya nini?" Stoimenka akamuuliza.

"Nakaa nyuma yake, mama, asinione. Daktari hakusema ni vibaya, lakini sitaki azoee kuchechemea."

"Pita mbele."

"Mama..."

"Pita mbele, Ogi. Anazoea kumfuata baba yake. Hilo ndilo analozoea."

Akapita mbele. Bilyana akamfuata, bega linashuka, kiuno kinakwenda kando. Na Stoimenka, mwanamke yule ninayemjua mimi, akatazama kulia na kushoto kama kuna mtu, hakuniona mlangoni na bendera yangu, akawafuata nyuma huku naye anachechemea. Wa kushoto. Nilikuwa nimeshachelewesha treni nusu dakika, nikaichelewesha tena kidogo.