Maji Yaliyotulia

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Kilimo wa Wilaya alinitoa ofisini Bomang'ombe akanipeleka kwenye daraja moja la Masama. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mto ulipita mwekundu, ukikokota migomba.

"Bibi shamba, unaona nini?"

"Mto, mkuu."

"Angalia tena. Hilo ni shamba la mtu linahama, na nauli ya kurudi halina."

Alicheka. Mimi nilishika ukingo wa daraja.

Kazi yetu ilikuwa kuuzuia udongo usihame. Tulichimba makingamaji, yaani matuta yanayokatiza mteremko, na juu yake tukapanda mabingobingo, majani marefu ya ng'ombe, ili mizizi ishikilie ardhi. Kisha nikahamishiwa kwenye mahindi ya tambarare, upande wa Holili. Mkuu wa kituo, mama asiyepaza sauti, alinipa hofu ya pili: "Udongo unauona ukiondoka. Mbolea ikishayeyuka huioni."

Niliporudi Masama nilikuta kiangazi kirefu. Mkwe wa mkulima wetu mmoja, Mama Ndeshi, alikuwa amejifungua, na kwetu mzazi hufichwa ndani miezi, akilishwa mtori na maziwa. Ng'ombe akikauka, aibu ni ya mama mkwe. Nilimkuta Mama Ndeshi aking'oa mabingobingo mpaka mashina. Kabichi zake zilikuwa zimetoka kuwekwa mbolea, na chini yake ulipita mfongo, mfereji wa wazee unaonywesha maboma yote ya bondeni.

"Shikamoo, mama. Kata majani, mashina yaache!"

"Marahaba. Majani yalishaliwa. Mzazi wangu anywe nini, bibi shamba? Tuta?"

Kesho yake mvua ikashuka kwa hasira. Matuta yale yasiyo na mizizi yalikatika moja baada ya jingine, na shamba lote likamwagikia mfongoni.

Mvua ilipokatika nilikimbia kwake. Alikuwa jikoni, na jagi la maji ya mfongo mbele yake.

"Usihangaike. Nimeyaacha yatulie. Tazama, yanang'aa."

"Ni ya nani?"

"Ya mtoto. Nachemsha kwanza, mimi si mshamba."

"Mama, matope ndiyo yaliyotulia. Mbolea imo humo, na ukichemsha maji yatapungua, yenyewe itabaki. Mtoto mchanga inaweza kumkosesha pumzi."

"Unanitisha kwa kitu kisichoonekana, kama mganga!"

Sauti ya mzazi ikatoka chumbani, nyembamba: "Mama, yamwage."

Aliyamwaga polepole, akinitazama mimi badala ya maji.

Nikaufuata mfongo kuteremka, boma kwa boma, nikipiga hodi. Wengine walinishukuru. Wengine walinicheka, maana maji waliyoyaacha yatulie yalikuwa meupe kabisa.

Sasa nimestaafu. Ninyi vijana mnaoanza kazi hii huniuliza kwa nini mvua ikianza naacha chakula na kusimama mlangoni. Mjukuu wa Mama Ndeshi ni mzima. Hunisalimia njiani akienda shule. Wala si yeye ninayemwaza.

Nafikiria boma la mwisho, pale mfongo unapoingia mtoni. Nilifika jioni, nikipiga hodi kwa sauti. Mwanamke kijana alinikaribisha kwa tabasamu, mtoto wake mchanga begani, kikombe kitupu mkononi.

"Karibu, bibi shamba. Ongea taratibu," alininong'oneza. "Amekunywa yote, kalala."