Jiwe la Bibi na Giaboksi ya Gari la Zahanati

Juzi nilipita Mkuyuni, kwenye karakana ya mdogo wangu, nikiwa na sato wa kukaanga niliowafunga kwenye gazeti. Hata sijafika getini, harufu ikanipokea. Haikuwa ya petroli wala ya matairi. Ilikuwa ile ya mafuta ya giaboksi yaliyoungua, nzito, yenye uchungu kidogo, kama sukari iliyosahaulika jikoni mpaka ikawa nyeusi. Nilisimama. Umri wangu sasa unaniruhusu kusimama popote na watu wakadhani napumzika, lakini miguu haikuwa imechoka. Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu, mbele ya Buhongwa ukiifuata barabara ya Shinyanga, katika umri ule wa kubeba ndoo ndogo na kuona umebeba kubwa.

"Shikamoo, dada," mdogo wangu alisema, akitoka chini ya gari.

"Marahaba. Kimeungua nini humo?"

"Giaboksi. Mwenye gari kaweka injini kubwa kwenye gari la otomatiki, giaboksi kaiacha ileile. Sasa naiimarisha iweze kuibeba." Akaufungua mfuko wangu akachungulia. "Kaa, dada. Hawa samaki hawawezi kungoja."

Nilipewa kiti cha plastiki kivulini. Nikamtazama akila kwa mkono mmoja na kupanga vyuma juu ya turubai kwa mkono mwingine, mtu mzima mwenye mvi na wajukuu, nikamshukuru Mungu kimya kimya. Kazi aliyokuwa akiifanya niliiona mara ya kwanza ikifanywa uani kwetu na baba, yeye akiwa bado tumboni mwa mama. Iliharakishwa kwa ajili yake.

Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, maana walioiona wamebaki wachache.

Kijiji chetu kilikuwa na zahanati ya misheni, na zahanati ilikuwa na gari moja. Padre mmoja mgeni aliyerudi kwao ndiye aliyeliacha. Lilikuwa gari la ajabu kwetu kwa sababu halikuwa na klachi wala gia ya kuingiza kwa mkono, lilibadilisha lenyewe. Baba alikuwa fundi na dereva wake. Jirani yetu, mzee aliyeendesha trekta la kulima mashamba ya pamba, hakuchoka kumuuliza, "Sasa huo mguu wako wa kushoto unakula mshahara wa nini?" Baba alimjibu, "Unasali." Bibi, mama yake baba, aliliita gari la kivivu, na bado kila Jumapili alitaka kupanda mbele.

Injini yake ya kwanza ilikuwa ndogo. Ukitoka kijijini kwenda mjini kulikuwa na mlima wa mawe, yale mawe makubwa unayoyajua, na hapo gari likiwa na mgonjwa na ndugu zake lilipanda likikohoa. Ilipokufa ile injini, baba alipata nyingine kutoka kwenye lori la pamba lililopinduka, ya kampuni ileile, yenye nguvu zaidi. Alifurahi, na sote tulifurahi. Wiki za mwanzo gari lilipanda mlima kana kwamba mtu kaulalia ukawa tambarare. Kisha baba akaanza kurudi nyumbani bila kuimba. Injini ilinguruma, alisema, lakini magurudumu hayakupata nguvu yote. Mle ndani ya giaboksi mna sahani nyembamba zinazobanana ili kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, na sahani zile zilizaliwa kwa ajili ya injini ndogo. Zilikuwa zinateleza, na kinachoteleza kinaungua.

Wakati huohuo mama alikuwa mjamzito. Mimba iliyotangulia ilikuwa imeharibika njiani, kwenye mkokoteni wa ng'ombe, chini ya mlima uleule, siku zile gari lilipokuwa halina injini. Sista mkunga wa zahanati alikuja nyumbani, akakataa hata kuketi, akamwambia baba, "Huyu hazalii hapa. Anazalia hospitali, mjini. Gari liwe tayari kabla mvua hazijashika, Fundi." Baba akasema litakuwa tayari. Mama aliendelea kuchambua karanga za kula na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, lakini niliona anachambua zilizokwisha chambuliwa.

Sasa, kijijini kwetu kulikuwa na desturi njema. Kila nyumba ilikuwa na kamba nene ya katani, na gari likikwama mahali, hata lingekuwa la nani, watu walishuka na kamba zao. Waliacha majembe, waliacha chakula. Watoto tulikimbia mbele tukipiga kelele. Gari lilivutwa likawaka, mwenye gari akasema asante, watu wakarudi mashambani. Hakuna aliyefikiri kwamba wema huo unaweza kudhuru.

Siku moja asubuhi gari lilizimika chini ya mlima kwa uchafu kwenye bomba la petroli. Baba alichukua baiskeli kwenda Buhongwa kutafuta bomba. Aliporudi hakulikuta gari. Watu walikuwa wameshuka na kamba, na mzee jirani akaja na trekta lake, akaliburuta kwa mwendo mkali barabarani, akaenda na kurudi na kwenda tena, akitaka liwake kwa kuvutwa kama magari mengine yote aliyowahi kuyaokoa. Mwisho wakalileta uani kwetu wakiimba. Bibi alipiga vigelegele.

Baba alishuka kwenye baiskeli akaenda moja kwa moja chini ya gari. Ndipo nilipoisikia ile harufu kwa mara ya kwanza. Akatoka, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, na mafuta ambayo siku zote yalikuwa mekundu kama juisi ya rozela yalitoka meusi.

"Wabeja sana," baba aliwaambia. Ndiyo asante ya Kisukuma. Akawapa mikono mmoja mmoja.

Mzee jirani alibaki baada ya wengine. Hakuwa mjinga. "Nimeharibu," alisema.

"Gari hili haliwaki kwa kuvutwa," baba alimjibu taratibu. "Injini ikiwa imezima, mafuta hayazunguki ndani ya giaboksi. Vyuma vinasagana vikavu. Ila ilikuwa njiani kufa, mzee wangu. Umeisindikiza tu."

Mzee alimtazama mama aliyekuwa mlangoni, mkono kiunoni, tumbo mbele. Alienda nyumbani na kamba yake begani.

Nimefundisha dini watoto kwa miaka mingi, na wakiniuliza uvumilivu ni nini, huwa nawaza siku zilizofuata. Baba aliishusha giaboksi, akaifungua juu ya mkeka, kila kipande akakilaza kwa mpangilio kilivyotoka, nasi tukakatazwa hata kukimbia karibu kwa sababu ya vumbi. Mjini alipata giaboksi nyingine ya aina ileile kutoka kwenye gari lililokufa. Jirani zetu walidhani ataifunga hiyo na kazi imekwisha. Baba alikataa. "Nikifunga iliyo sawa na ile," alisema, "itaungua sawa na ile." Alitaka kuchukua sahani za giaboksi mbili azitie katika moja, ili penye mikono michache ya kushika pawe na mingi zaidi.

Lakini nafasi ilikuwa ileile. Ili sahani ya ziada iingie, chuma kinene kinachozifunga kwa nje kilipaswa kupunguzwa unene, kwa usawa, pande zote. Mashine ya kazi hiyo ilikuwapo mjini, nayo ilikuwa imeharibika, ikingoja kifaa kutoka mbali. Baba alikaa kizingitini akikigeuzageuza kile chuma.

Bibi alikuwa anasaga mtama. Akaacha. Akapangusa unga kwenye jiwe lake la kusagia, jiwe alilokuja nalo kama bibi arusi, lililolainishwa na mikono yake na ya mama yake, akasema, "Hili limekula mtama maisha yangu yote na halijafanya bonde. Lete hicho."

Ndivyo kazi ilivyoanza. Mchanga laini wa ziwani, maji kidogo, na chuma kikisuguliwa kwa kuzungushwa, taratibu, bila kukandamiza upande mmoja. Baba alisugua asubuhi. Bibi alisugua baada ya chakula, akisali rozari bila rozari mkononi, mduara mmoja kwa kila Salamu Maria. Na kila alasiri, mzee jirani aliingia uani, akavua kofia, akapiga magoti mbele ya jiwe akasugua mpaka jasho likadondoka kwenye mchanga. Hakuombwa. Siku ya kwanza bibi alimwambia, "Kwa mwendo wa trekta utatutobolea jiwe." Mzee alicheka, na ndipo mambo yakalainika. Sauti ile, shrii, shrii, ikawa saa ya nyumba yetu. Jioni baba alikilaza chuma juu ya kioo cha dirisha, akainama kutazama kama mwanga unapita chini yake. Ulipopita mahali, kesho yake walianzia hapo.

Mama alituangalia akiwa amelala kwa ubavu kwenye mkeka. Alikuwa akiniomba nimletee uji, kisha anausahau. Mawingu yalianza kukaa juu ya ziwa.

Sahani ya ziada ilipoingia na kukaa vizuri, baba hakushangilia. Aliweka washa, kipete chembamba cha chuma, nyuma ya springi moja ndogo ili mafuta yasukume kwa nguvu zaidi na sahani zibane zaidi. Mbele ya gari alifunga rejeta kuukuu ya trekta, aliyopewa na mzee jirani, mafuta ya giaboksi yapite humo yapoe. Akaiinua giaboksi mahali pake, akasali, akawasha.

Uchungu wa mama ulikuja asubuhi ya mvua ya kwanza. Baba alikuwa hajalipandisha gari mlimani hata mara moja tangu aifunge giaboksi. Sista mkunga aliketi nyuma na mama, bibi akakataa kubaki, nami nikaminywa mbele kwa kuwa hakukuwa na wa kuachiwa. Gari lilipobadilisha gia lilitushtua kwa kishindo.

"Baba watoto, linapiga," mama alisema kwa meno yaliyobanwa.

"Linashika," baba alisema. "Zamani lilikuwa linateleza kwa upole. Sasa linashika."

Tulipofika chini ya mlima, niliwaona. Watu wa kijiji walikuwa wamesimama pande zote mbili za njia mpaka juu, mvuani, kila mmoja na kamba yake mkononi. Baba alikuwa amewaambia wote, gari hili lisivutwe tena kamwe, na walikuwa wameelewa. Mzee jirani alikuwa wa kwanza. Baba alipunguza mwendo, akashusha kioo.

"Mzee, kamba za nini? Si tulikubaliana?"

"Hatutagusa," mzee alisema. "Tumekuja kusimama tu."

Baba akakanyaga. Injini ya lori ikanguruma, nami nikangoja harufu ile. Nikanusa na kunusa. Tulipanda tukiruka kwenye mawe, gia ikaingia kwa kishindo, bibi akasema "Yesu," na uso mmoja baada ya mwingine ukatupita dirishani, umelowa, mikono imekaza kamba. Nimeona watu wengi wakisaidia katika maisha yangu. Sijaona tena watu wakijizuia kusaidia kwa upendo mkubwa namna ile. Harufu haikuja. Mdogo wangu alizaliwa hospitalini kabla ya chakula cha mchana, akilia vizuri.

Mlima ule leo umekatwa, umewekwa lami, na gari dogo linaupanda dereva akiongea na simu. Kijiji kimekuwa mtaa. Gari likiharibika linakuja gari la kuvuta, lina mnyororo na namba ya simu ubavuni. Kamba za katani sijui ziliishia wapi. Jiwe la bibi liko kwangu, uani, kuku wanakunywa maji ya mvua yanayotuama kwenye kile kibonde ambacho bibi alikana kwamba kingetokea. Ni kidogo, duara, upana wa kile chuma.

Mdogo wangu alimaliza kazi yake jana akanipigia simu, akasema analijaribu gari kwenye kilima cha nyuma ya karakana. Nilichukua fimbo yangu nikaenda. Aliponiona nimesimama peke yangu pembeni mwa barabara, katikati ya kilima, alisimamisha gari akashusha kioo.

"Dada, unafanya nini hapa juani?"

"Wewe panda kilima," nilimwambia. "Nimekuja kusimama tu."