Penseli ya Mke Wangu

Mke wangu ni fundi cherehani, na kwa miaka ishirini alikuwa akibana pini mdomoni wakati wa kazi. Mdomo ukajikunja, ukazoea, ukabaki hivyo hata pini zikiwa mezani. Wateja walimwita Ndimu. Mimi sikumwita hivyo, lakini niliwaelewa.

Mdogo wake alipoolewa, gauni la harusi alishonewa na fundi mwingine. Alimwambia wazi: "Sitaki kupimwa na mtu aliyenuna, dada. Nitaanza ndoa vibaya." Tangu siku hiyo hawakusemezana, miaka saba. Iliniuma, kwa sababu mke wangu ndiye aliyembeba yule mtoto mgongoni mpaka akajua kutembea.

Mwaka huu mke wangu alipiga chafya akameza pini. Ilitoka yenyewe baada ya siku mbili. Maelezo zaidi sitoi. Daktari akapiga marufuku pini mdomoni. Mdomo ukakosa kazi, basi akaanza kung'ata penseli, ikilala kutoka shavu hadi shavu. Ukimtazama ungeapa anacheka. Wateja nao wakawa wanamchekea. Wiki ya pili nikamsikia anaimba huku anabadilisha zipu, kazi anayoichukia kabisa.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Nina furaha," akajibu kwa ukali. "Na sababu siioni."

Kila Jumanne mdogo wake hupita ng'ambo ya barabara, mbele ya duka letu la kushona, akielekea kazini, shingo imekaza. Jumanne ya wiki hiyo aligeuka, akasimama, akavuka, akaja mpaka mlangoni.

"Dada, unanichekea mimi?"

Mke wangu alikuwa na hotuba yake. Naijua, amenisomea jikoni miaka yote saba. Ina sehemu nne, na ya tatu ni matusi matupu. Akatoa penseli mdomoni, ikamdondoka. Nikaweka chini pasi niliyokuwa nikinyooshea nguo za wateja.

Mdomo haukurudi ulikotoka. Nilimwona akijaribu kununa, mashavu yakagoma. Akamtazama mdogo wake kuanzia juu hadi chini, machozi yakaanza kumtoka.

"Hilo gauni linakubana kwapani," akasema. "Nani kakushonea?"

"Yule yule, dada."

"Ingia nikupime."

Nikaokota penseli sakafuni nikampa. Akaniambia niiweke mezani, ataing'ata kesho.