Kofia ya Mtu wa Magendo

Msinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni mchora katuni hapa Busia, sina mwajiri. Tangu tupate uhuru na mpaka wa nchi uanze kulindwa, gazeti moja hunitaka nichore mlanguzi wa kahawa kila wiki. Kwa kuwa watu wa Busia wangejitambua, niliazima sura ya mzee mgeni niliyemwona akisinzia stesheni ya Tororo: mashavu manene, kofia yenye unyoya wa kanga. Nikajiona mjanja kupindukia.

Juzi nilivuka mpaka kwenda Osukuru, karibu na Tororo, kujitambulisha nyumbani kwao Athieno, mchumba wangu. Tukawekewa chungu cha pombe na mirija. Baba yake akaingia na kofia ile ile. Niliinamia mrija wangu, nikanyonya bila kupumua.

"Askari ya mpaka inapekua mimi tu," mzee alilalamika. "Wengine wanapita. Sijui nimekosa nini."

"Hawana adabu, baba," nikasema.

Athieno akatabasamu kwa fahari. "Baba, huyu ndiye anachora ile katuni ya gazeti."

Mzee alinitazama mpaka mrija ukanitoka mdomoni. Kisha akavua kofia, akanivika, akaivuta mpaka masikioni.

"Mkwe," alisema, "kesho utavuka nayo wewe."