Ngozi Yenye Vidole

Walisema sitafika popote, kwamba mtoto wa Itetemia anayechora ng'ombe ukutani kwa mkaa ataishia kwenye mabango ya vinyozi, nami nikaenda Dar nikarudi na stashahada ya sanaa, kwa jasho langu mwenyewe, kwa hiyo mnisamehe kama hadi leo nikipita kigangoni nainamisha uso, maana aibu niliyoipata mle kanisani niliitafuta mwenyewe.

Mjomba Kasiani, katekista wetu, alitoa stoo picha ya zamani, nakala ya mchoro wa Italia wa karne nyingi zilizopita, akaitundika karibu na altare: mtakatifu mwenye ndevu, kisu mkono wa kulia, na kushoto amening'iniza kitu kama nguo iliyolowa. Watoto walilia. Watu wazima waliapa kwamba kile kitu hucheza hata milango ikiwa imefungwa. Waumini wakataka ichomwe.

"Mpwa wangu, wewe umesoma," mjomba akaniambia; picha ile aliitunza tangu ujana wake. "Waeleze, mimi hawataki kunisikiliza, la sivyo wanaichoma leo."

Ningesema sijui, yangeisha. (Chuoni tulifundishwa rangi na kivuli, watakatifu hapana.) Lakini misa ilikuwa imekwisha, watu wote wananitazama, nami nikakohoa kidogo, nikasema kwa kusitasita kwamba huyu ni mtakatifu wa wafanyabiashara, amebeba ngozi ya ng'ombe kama wapagazi wa misafara waliopita hapahapa Tabora, msiogope. Wakaanza kuitikia kwa vichwa. Nikanogewa, nikaongeza kwamba ni ngozi ya fahali.

Mzee Masanja, mtu wa Puge aliyechuna ng'ombe machinjioni maisha yake yote, akainuka, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha picha.

"Shikamoo, mzee," nikasema, maana nilihisi jambo.

"Marahaba. Fahali wako ana vidole."

Tukasogea. Vilikuwepo, vitano, vimelegea, na juu yake uso, na ndevu zilezile, na mahali pa macho matundu matupu.

"Hii ni yake mwenyewe," mzee akasema polepole, akifuata kingo kwa ukucha. "Na aliyemchuna ni fundi. Hakutoboa popote."

Mtu mmoja akacheka. Ndipo Mama Helena, ambaye mkono wake mmoja uliungua zamani ukabaki umekunjamana hadi begani, akaniuliza: "Mtaalamu, kama ile ni ngozi yake, hii aliyoivaa ni ya nani?"

Jamani, nywele zilinisimama. Nikasema, mbele ya kanisa zima, sijui, nimewadanganya.

"Stashahada ya fahali hiyo!" sauti ikatoka nyuma.

Mjomba ndiye aliyejibu, bila hata kunitazama: "Ni yake vilevile. Walimchuna kwa ajili ya imani, Mungu akamvika mpya."

Mama Helena akauinua ule mkono ulioungua, akauweka juu ya kioo, kiganja juu ya kile kiganja kinachoning'inia, na wallahi sikuweza kuona kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi.

"Isichomwe," akasema.

Haikuchomwa. Nami nimeapa: nikiulizwa nisichokijua nitasema kwanza sijui, stashahada nitaitaja baadaye.