Mvua Haimo Kwenye Ratiba

Aibu niliyoipata kijijini Mazingara, miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, hata mke wangu nilimsimulia nusu tu. Leo naitoa yote, maana ninyi mmekwisha kusema ya kwenu na si haki mimi nibaki nacheka.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo kikuu, kijana wa kuwaza kila jambo mara tatu (kuchagua soksi tu kulinichosha), nikapelekwa kuwafundisha viongozi wa vikundi vya kijiji namna ya kupanga mipango. Afisa wa mafunzo kutoka Korogwe angekuja kutazama somo, na akiridhika kwamba viongozi wale wanaweza kupanga, wawili kati yao wangepata ufadhili wa kozi ya uongozi kule Korogwe. Kikundi cha akina mama wa shamba la mahindi kilikuwa kimeingoja nafasi hiyo misimu miwili.

Siku moja kabla ya somo, mwenyekiti wao, Mama Mwanahawa, alinifuata. Nikamwamkia, akaitikia huku anatazama mawingu.

"Mwalimu, na mvua ikija kesho?"

Nilikuwa nimeshaipiga chapa ratiba yangu, saa kwa saa, na kuibadili kungenikesha usiku kucha. Nikamjibu, "Mama, mvua haimo kwenye ratiba."

Akanitazama kidogo. "Haya, mwanangu."

Kesho yake darasa lilijaa. Nyuso zile zote zikanitia hofu, nikaona afadhali nifundishe huku nimewageuzia mgongo, nachora ubaoni mpango wa miaka mitatu, lengo hapa, hatua pale, na mvua ilipoanza kupiga bati nikapaza sauti tu na kuendelea, nikauliza "Mnaelewa?" na nisiposikia pingamizi nikaingia hatua ya pili, kisha ya tatu, hadi nikawasifu (ndiyo, niliwasifu) kwa utulivu wao.

Nilipogeuka, madawati yalikuwa matupu. Alikuwapo kuku mmoja aliyeingia kujikinga, na mlangoni amesimama yule afisa, maji yanamtiririka, daftari mkononi.

"Endelea, ndugu," akasema. "Huyo anakufuata vizuri."

Badala ya kutulia, nikatoka mbio na ratiba yangu kwenda kuwarudisha, nikiwaza kwamba nafasi yao ya Korogwe imekufa kwa ajili yangu. Nikaingia shamba la mahindi la akina mama nikipunga karatasi, wino unachuruzika hadi kwenye kiwiko, nikiita, "Rudini jamani, hatujafika hatua ya nne!" Kisha nikateleza nikakaa kwenye matope.

"Mwalimu, inuka taratibu," alisema Mama Mwanahawa bila kuacha jembe. "Hapo ulipokaa pameshapandwa."

Akina mama wakacheka mpaka wengine wakaegemea majembe. Afisa akafika nyuma yangu, suruali ameikunja magotini, akamwamkia Mama Mwanahawa, akamuuliza nani aliyewaita shambani.

"Hakuna wa kuita, baba. Tulikubaliana tangu kiangazi. Bati likilia, wenye nguvu wanachimba mashimo, wajawazito wanagawa mbegu, bibi wawili wanabaki na watoto. Upande wa bondeni unaanza, maana ndiko maji yanakotuama, tukichelewa hapapandiki. Na kila nyumba ilitoa mbegu za akiba, zisipoota hizi turudie."

Nilisikiliza nikiwa bado nimekaa. Hatua zangu zote zilikuwamo, na ile ya akiba, ambayo mimi niliisahau kabisa.

"Basi kwa nini mlikuja darasani?" afisa akauliza.

"Mgeni ameandaa somo lake, tumwache peke yake? Tulikaa mpaka mvua ilipotuita. Tuliaga, ila alikuwa anaongea na ubao."

Afisa akaandika pale pale mvuani: Mama Mwanahawa na katibu wake waende Korogwe. Kisha akanigeukia, nami nikajua nafukuzwa. "Nawe utakwenda nao, ndugu. Utakaa dawati la nyuma."

Nilikaa la nyuma kweli. Siku Mama Mwanahawa alipoitwa mbele aeleze mpango wa kikundi chake, aliwatazama watu wote usoni, mmoja mmoja, na alipofika kwangu akasema, "Mwalimu, uko?"

Tangu hapo sijafundisha tena nikiwa nimewageuzia watu mgongo, na kila ratiba ninayoandika mstari wake wa kwanza ni mmoja: mvua ikinyesha, tukutane shambani.